Msiwafiche watoto kitabu hiki

Mhariri,

Naomba nafasi nimtetee Katherine Paterson, ambaye riwaya yake Bridge to Terabithia imepingwa mara nyingi katika shule za Marekani, kwa sababu mojawapo kwamba inagusa kifo cha mtoto.

Kifo hicho hakukibuni tu. Mwaka 1974 rafiki mpenzi wa mwanawe David, msichana wa miaka 8, alipigwa na radi akafa. Mama akaandika, na mwaka 1978 kitabu kikapata Nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto. Akaipata tena mwaka 1981 kwa Jacob Have I Loved.

Upweke aliujua mapema. Alizaliwa China mwaka 1932, mtoto wa wamisionari. Vita vikawarudisha Marekani, na darasa la kwanza hakupata hata kadi moja ya Valentine. Naamini ndiyo maana watoto wake wa vitabuni hawana uongo.

Mimi hunishinda pale mwisho: Jess, mvulana wa riwaya hiyo aliyefiwa na rafiki yake, analaza mbao juu ya kijito, anamtia mdogo wake May Belle maua nyweleni, anamshika mkono na kumvusha. Tafadhali, waachieni watoto wafike ukurasa huo.

Msomaji wako