Seva inasema cheti hakijatumwa, tuambieni basi kimekwama wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, maana nimeshaongea na huduma kwa wateja mpaka salio limeniishia na sioni kama nimesikika.

Mimi ni karani wa mizigo hapa Kigoma, ofisi yetu ni chumba kimoja tu njia ya kwenda Kibirizi, tunaandikia watu makaratasi ya saruji, sabuni na vikorokoro vingine vinavyovuka ziwa kwenda Kalemie na Uvira. Siku hizi makaratasi yenyewe ni ya mtandaoni. Kuna mfumo mmoja, siutaji jina, ambao hauingii kwa pasiwedi peke yake, lazima kompyuta yako iwe na cheti cha kidijitali, kifaili cha kukutambulisha, yaani wewe unaikagua seva (ile kompyuta kuu ya mfumo) kama ni ya kweli na seva nayo inakukagua wewe kabla haijakufungulia mlango. Sina ugomvi na hilo, ni usalama mzuri tu, mtu akiiba pasiwedi yako bado hapiti.

Ugomvi wangu ni siku cheti kinapogoma.

Jumamosi tumefanya kazi vizuri kabisa. Jumatatu asubuhi nafungua brauza ya Chrome, ukurasa mweupe, namba ya kosa 400 juu, chini yake kimstari kimoja cha Kiingereza kinachosema cheti cha SSL kinachotakiwa hakijatumwa. Basi. Boti imeshapakiwa, nahodha anapiga simu kila dakika tano, "karani vipi, upepo unageuka huku", na mimi nimekodolea macho kile kimstari. Nikapiga simu Dar, huduma kwa wateja. Dada akaniambia kaka rifreshi. Nikarifreshi. Kaka futa historia ya brauza. Nikafuta, na pasiwedi zangu zote za mifumo mingine zikaenda nayo. Kaka badilisha mtandao, nikaweka bando la simu, wapi. Mwisho akasema kaka basi nitumie hilo faili la cheti na pasiwedi yake kwa WhatsApp tukuangalizie.

Hapo Mhariri nilishtuka na nawaomba wasomaji wenzangu nao washtuke. Lile faili la cheti, wenyewe wanaliita p12, ndani yake halina cheti tu, lina na ufunguo wa siri, ndio maana linafungwa kwa pasiwedi. Ukimpa mtu vyote viwili umempa mhuri wa ofisi na mkono wako wa kusaini, akiingia kule seva inaamini ni wewe. Bosi wangu alikuwa ameshashika simu anataka kutuma, nikamwambia mzee subiri kwanza.

Nikamwita kijana mmoja fundi wa steshenari pale Mwanga, akaja na pikipiki, hakurifreshi chochote. Alibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R akaandika certmgr.msc, likafunguka dirisha lenye vyeti vya mtumiaji wa kompyuta, akaingia kwenye vile vya binafsi akaniambia kaka soma hapa. Cheti chetu muda wake ulikuwa umeisha Jumapili usiku. Sasa nikamuuliza, mdogo wangu, mbona seva inasema hakijatumwa badala ya kusema kimeisha? Akacheka. Akasema Chrome kwenye Windows cheti kilichoisha muda haikuonyeshi kabisa kwenye orodha ya kuchagua, inakiruka kama hakipo, kwa hiyo seva ikiuliza cheti kiko wapi brauza inanyoosha mikono mitupu. Seva haikudanganya, ni kweli haikupewa kitu, ila mimi niliyekaa katikati ndio nimebaki gizani.

Tukaomba kipya. Siku mbili. Likaja faili la cer kwenye barua pepe, nikalibofya likaingia vizuri, nikafungua mfumo, 400 ile ile. Nikampigia kijana, akaniambia angalia kwenye lile dirisha, pembeni ya cheti cha zamani kuna kapicha ka ufunguo mdogo, je kipya kinako? Hakina. Akasema basi walichokuletea ni cheti kitupu bila ufunguo wake, brauza haiwezi kukitumia kujitambulisha, mwambie aliyekutengenezea akupe p12. Siku nyingine ikaenda. p12 ikaja, nikaweka, bado! Kumbe hiyo mara ya mwisho ilikuwa ni brauza tu inaendelea na kikao cha zamani, nikafunga madirisha yote ya Chrome nikafungua upya, kikaja kidirisha cha kuchagua cheti, nikachagua, nikaingia. Jirani yangu naye yalimkuta ya kwake, aliweka cheti ndani ya Firefox halafu anafungua mfumo kwa Chrome, hajui kwamba Firefox ina kabati lake yenyewe na cha humo Chrome haikioni. Na huku kwetu umeme unavyokatika kuna jingine, betri ile ya duara ya kwenye mazabodi, ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, ikifa, kompyuta iliyozimika inarudi na tarehe za nyuma, basi cheti kipya kinaonekana hakijaanza. Hiyo utaijua haraka maana hata tovuti nyingine zinaanza kulalamika.

Hesabu mwenyewe Mhariri, cheti kilichoisha, cheti kisicho na ufunguo, brauza iliyoganda, kabati lisilo lake, yote manne jibu ni kimstari kimoja kile kile. Ni sawa na uende zahanati na jino, na mguu, na malaria, kote daktari anakwambia tu "unaumwa".

Na nisiambiwe haiwezekani. Kijana yule kanionyesha, programu ya seva iitwayo nginx kwa ndani inatofautisha, ina namba 495 kwa cheti kilichokataliwa na 496 kwa cheti ambacho hakikuletwa, ni mwenye mfumo tu kuweka ukurasa wake kwa kila moja, kwa Kiswahili, "hatujaona cheti, angalia kama kimeisha muda au hakina ufunguo". Ile programu ya seva ya Microsoft, IIS, ndio kabisa, ina 403.7 ya cheti kinachotakiwa ila hakikuletwa, 403.13 ya kilichofutwa, 403.16 ya kisichoaminika na 403.17 ya kilichoisha au hakijaanza. Halafu hiyo hiyo nginx inajua cheti cha mteja kimebakiza siku ngapi, iko namba yake kabisa ambayo mfumo unaweza kuisoma kila ninapoingia. Sasa kama inajua zimebaki siku kumi na nne, kinachoshinda kuniandikia juu pale kwa wekundu ni nini? Mimi nilikuwa humo ndani Jumamosi mchana, cheti kinakufa kesho yake, na hakuna aliyenong'ona.

Na msidhani kosa ni letu siku zote. Mwaka huu huu kuna siku ofisi zote tatu za njia hii tuligoma kuingia kwa pamoja, vyeti vizima, tarehe nzima, ufunguo upo. Kijana akasema wote mkianguka siku moja basi liko kwao, huenda mtoa vyeti kabadilika na seva yao haijaambiwa imwamini huyo mpya. Jioni ikarudi yenyewe, bila tangazo, bila samahani. Kabla ya hapo sisi tulikuwa tumeshafuta na kuinstoli vyeti mara tatu tatu kwa maelekezo yao wenyewe.

Sisi tuko huku mwisho wa reli, fundi wa mfumo hawezi kuja kunikagulia kompyuta, ninachokuwa nacho ni kile kimstari tu, kwa hiyo naomba kimstari kiseme kitu. Na wale wa kwenye simu wafundishwe waulize kwanza tarehe ya cheti na kapicha ka ufunguo kabla ya rifreshi, na hiyo ya kuombana p12 kwa WhatsApp waiache leo.

Boti iliondoka Ijumaa. Cheti kipya kimeandikwa kinaisha tarehe 9 mwezi wa nne mwakani, nimeshaizungushia kwa maka peni kwenye kalenda ya ukutani, maana mfumo wenyewe najua hautaniambia.

Ni mimi msomaji wako,
Karani wa mizigo,
Kibirizi, Kigoma