Wito wa Harambee: Ardhi, Fedha na Sauti Moja kwa Chuo Kikuu cha Umma Lamu

Assalamu alaykum, wazee wetu, mama zetu na wana wa Lamu mlioko nyumbani na ughaibuni.

Sisi walimu, wazazi na wavuvi wa kamati hii twawaletea ombi la kuanzisha chuo kikuu cha umma katika kaunti yetu. Mtoto wa Faza au Kiunga aliyefaulu kidato cha nne mara nyingi hulazimika kuhamia Kilifi, kwenye Chuo Kikuu cha Pwani, au mbali zaidi, na wengi, hasa mabinti, huishia jetini Mokowe kwa kukosa nauli na kodi ya chumba. Inatuuma, kwa sababu mwanachuoni wetu Habib Swaleh alipokuwa akisomesha kwenye msikiti na madrasa ya Riyadha, wanafunzi walivuka bahari kuja Amu, mji wetu wa Lamu, kutafuta elimu.

Jambo hili limewezekana kwingine. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2012, kilianzia kwenye michango ya wananchi miaka ya 1970. Na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 inazipa kipaumbele kaunti zisizo na chuo kikuu, ila kipaumbele hicho hudaiwa: serikali hutaka kuona ardhi na mpango wa masomo, na Bunge halitengi fungu la fedha pasipo wa kulisemea.

Zito kuliko yote ni ardhi. Kila mtu wa Lamu aijua migogoro ya mashamba, kwa hiyo hatutapokea shamba lenye mdai, hata likiwa zuri namna gani. Michango yenu italipia upimaji, hati miliki na wataalamu wa kuandika mpango unaotufaa: uvuvi na mikoko, uendeshaji wa bandari, uhifadhi wa majumba ya mawe na nakshi zake. Majengo tutaidai serikali.

Gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, wabunge wetu wawili na madiwani wote twawaomba watie saini waraka mmoja, bila kuangalia rangi ya chama.

Michango itapokewa misikitini, makanisani na kwenye mabaraza ya vijiji, kila shilingi kwa risiti, na hesabu itasomwa hadharani kila mwezi. Asiye na fedha atupe saini yake. Mwenye shamba la wakfu, tafadhali aje tuzungumze.