Umeshakipaka sifa?

Majengo, Moshi

Swahiba Bakari,

Salaam aleikum. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanionea. Asubuhi natoka na koti utadhani napanda mlima.

Nimepata chombo, bwana. Pikipiki ya mkataba, kila jioni napeleka hesabu kwa tajiri mpaka iwe yangu. Siku ileile nikampigia mzee: "Baba, nimepata chombo." Akanyamaza. Halafu: "Huko Moshi mnavua wapi?" Unamjua mzee wetu, nusu ya umri wake kaumalizia Deep Sea kwa wavuvi. Kwake ngalawa ni chombo, mashua ni chombo, jahazi ndiyo chombo hasa. Chenye magurudumu hakimo. Nilipomweleza alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akauliza, "Umeshakipaka sifa?"

Nilipowahadithia wenzangu kijiweni, wakadhani mzee anataka niisifie pikipiki. Ikabidi nieleze kwamba sifa ni mafuta ya papa, hupakwa mbao zisinywe maji. Nilipofika kwenye harufu yake wakashika pua.

Hapa kijiweni pikipiki haiitwi pikipiki. "Chombo yako inakula mafuta sana." "Niazime chombo, namuwahisha mama Mbuyuni." Ndiyo, chombo yako, chombo yangu. Mwanzoni nilikuwa nasema "chombo changu", wakanibatiza Mwalimu. Sasa nimeacha kubishana, lakini nikikiosha peke yangu ni chombo changu. Binti mzuri akipita naye wanamwita chombo. Hapo sijawafuata wala sitawafuata. Na kwenye mafunzo ya leseni ilikuwa "chombo cha moto" kutwa nzima, lugha ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, mimi na wewe hatujazaliwa.

Juzi dada mmoja akaniita Pasua nikambebee vyombo. Nikaenda na kamba, kichwani nina boksi moja la sahani. Nakuta godoro, meza, jiko la gesi, ndoo tatu, kabati halina mlango. Mwenye nyumba kamtolea vyombo nje. Yeye kakaa juu ya begi, kashika sufuria moja, hataki hata kuiweka chini. Nikamwambia, "Dada, hii kazi ya kirikuu." Hela ya kirikuu hana. Nikamwita mwenzangu, tukapiga safari nne, meza imefungwa nyuma miguu juu. Njia nzima nilikuwa nalifikiria neno lenyewe. Ukiambiwa uoshe vyombo, ni sahani na vijiko. Ukitolewa vyombo, hata pazia limo.

Na bado mtangazaji anaweza kusema redioni kwamba vyombo vya dola vimezuia chombo baharini, wakati shemeji yako anakusanya vyombo mezani na mimi chombo nimekiegesha mlangoni, na hapo ndani hakuna anayeuliza kipi ni kipi. Mzee peke yake ndiye angeinua kichwa, akataka kujua ni cha nani na kilikuwa kimepakia nini.

Amesema funga ikiisha atapanda basi aje akione. Ukimkuta pale mnadani mwambie nimekubali, alete na hiyo sifa kidogo kwenye chupa. Mnyororo umeanza kulia.

Wako,
Salimu