Kitabu hakijachanwa, ndo kilivyo

Mhariri, kuna msomaji wenu kaandika humu juzi ati ukishaangalia muvi kitabu chake cha nini tena, si unajua nani anakufa. Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo mpaka yakanikuta ya Cloud Atlas.

Muvi ya 2012 niliwekewa kwenye flashi, karibu masaa matatu, stori sita za nyakati tofauti zimekatwakatwa zikachanganywa, Tom Hanks na Halle Berry wamo kila sehemu na sura nyingine, mpaka unaacha kufuata stori unabaki kutafuta leo Hanks kabandikwa pua gani. Niliielewa nusu. Siku moja pale Posta nikakiona kitabu chake, cha David Mitchell, kwa wale jamaa wa vitabu vya mtumba, nikatoa elfu saba.

Kinaanza na shajara ya Adam Ewing, Mmarekani yuko melini Pasifiki karne ya 19. Mara ikakata katikati ya sentensi, hata nukta hamna, ukigeuza ni barua za kijana mwanamuziki Ubelgiji 1931. Nikajua nimepigwa. Kesho yake nikaenda kumuwakia muuzaji, akacheka tu, "bro hesabu namba za kurasa." Nikahesabu palepale nimesimama juani, haijaruka hata moja!

Nikaendelea na hasira zangu. Mbele kidogo huyo mwanamuziki, Frobisher, anamlalamikia mwenzake kwamba kaokota shajara ya Ewing lakini ni nusu, amtafutie nzima. Yaani kilio changu kilekile, nilicheka peke yangu kwenye daladala watu wakaniangalia.

Kumbe stori tano zinakatwa hivyo, ya sita ndo inaenda moja kwa moja (Kiingereza chake kimevunjikavunjika, nilisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili ndo kikaingia), halafu zinarudi kinyumenyume mpaka kwa Ewing. Ile nusu ya shajara aliyokuwa anaitafuta Frobisher ilikuwa imewekwa chini ya mguu wa kitanda! Muvi inakurudisha baada ya dakika mbili, haikupi muda wa kumkumbuka mtu.

Na huyo Frobisher nilijua toka kwenye muvi kwamba atajipiga risasi. Ila kitabuni kaniacha njiani, nikapita kwa watu wengine wanne kwenda na kurudi, nilipomfikia tena barua zimebaki chache, nikawa nasoma moja tu kwa siku ili asife.

Msomaji wenu, Dar es Salaam