Msafiri si mfuko wa michango tu

Kwa Mhariri,

Mara kwa mara nawasikia watu hapa Nakuru wakiwalaumu madereva wa malori ya masafa marefu kwamba wamezitelekeza familia zao, nami naona lawama hiyo hutolewa kwa haraka mno. Kutoka Mombasa hadi Malaba, mpakani na Uganda, ni zaidi ya kilomita 900, na dereva anayeelekea Kampala au Kigali hawezi kumwahidi mtu siku ya kurejea, kwa kuwa foleni ya mpakani haina mwenyewe. Januari 2022, Uganda ilipotaka madereva wapimwe Covid-19 kwa malipo, malori yalipanga msururu wa makumi ya kilomita upande wetu, na aliyekwama humo na harusi au mazishi nyumbani hakuwa na la kufanya.

Linaloniudhi ni jinsi sisi tuliobaki tunavyomhesabu msafiri. Simu yake ikilia kutoka kundi la ukoo kwenye WhatsApp, aghalabu ni mchango unaotakiwa. Shamba likigawanywa, posa ikija au mtoto akibadilishiwa shule, yeye huarifiwa mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa. M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007, imetuokoa katika shida nyingi, lakini pia imeturahisishia kupokea mkono wa mtu bila kumhitaji mwenyewe.

Ilhali wengi wao hawajajitenga hata kidogo. Pale Salgaa, kituo cha malori karibu na Nakuru, nilimwona dereva akizunguka trela lake jioni, akigonga magurudumu kwa nondo ili asikie lililopungukiwa na upepo, simu ameibana kati ya sikio na bega, akimwelekeza bintiye hesabu za kugawanya. Jibu lilipokosewa alisimama, akamwambia aanze upya, kisha akarudia kugonga gurudumu lilelile. Mama wa hoteli alikuwa amekwisha kumwekea chai isiyo na sukari kabla hajaagiza. Urafiki wa barabarani nao ni urafiki, hata kama jina la Salgaa hutajwa kwa dharau.

Wazee waliotoka Nyanza kufanya kazi mijini na kwenye reli walilielewa jambo hili vyema kuliko sisi. Kupitia Luo Union, chama cha Waluo kilichokuwa na matawi katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mtu aliye mbali na kwao aliweza kuwa na cheo, kikao cha kuhudhuria na wenzake wa kumuulizia asipoonekana. Michango ilikuwapo, tena ya kusafirisha maiti, lakini ilitoka kwa watu waliokuwa wakiketi pamoja. Vyama vya aina hiyo vilivunjwa mwaka wa 1980, na sipendekezi vifufuliwe kwa misingi ya kabila. Siasa zetu zina ukabila wa kutosha.

Ninachoomba ni kidogo. Wamiliki wa malori wawape madereva tarehe za mapumziko mapema na waziheshimu, badala ya kumpigia mtu simu akiwa ndiyo kwanza anavua viatu mlangoni kwake. Nasi katika koo zetu tuvipange vikao kulingana na tarehe hizo, tumkabidhi msafiri hata kazi ya uenyekiti, naye akikwama Busia aongoze kwa simu, mradi ajenda ya kwanza isiwe mchango.

Msomaji wako,
Nakuru