Kwa mwanangu unayekwenda kusomea tiba shufaa ya watoto

Mwanangu,

Mama yako kaniambia umechaguliwa kwenda mafunzoni, kujifunza kumpunguzia maumivu na kumtunza mtoto mwenye ugonjwa mzito. Hongera. Nakuandikia hadharani makusudi, wenzako wa wodini nao wasome, na hao walimu wenu wakipenda.

Dozi mtafundishwa, sina shaka: mofini ya maji ya kutuliza maumivu kila baada ya saa nne, bila kungoja mtoto alie, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Mtaambiwa pia kwamba Shirika la Afya Duniani linataka huduma hii ianze pale ugonjwa unapotambuliwa, sambamba na matibabu, si pale daktari anapokata tamaa. Hayo yameandikwa. Wasiwasi wangu ni huku mitaani kwetu Tanga, Ngamiani na Makorora.

Utamkuta mtoto kalala mkekani, kimya. Usiandike kwamba hana maumivu. Wanetu husifiwa kwa kuvumilia. Ukimpa zile picha za nyuso za kupimia maumivu achague, huenda akakuonyesha inayocheka, kwa adabu tu, maana wewe mgeni. Mwangalie anavyojigeuza. Muulize bibi kama jana alicheza.

Kisha kuna kombe. Sahani nyeupe, aya zimeandikwa kwa zafarani, zimeoshwa kwa marashi, mtoto kanyweshwa. Ukikunja uso, basi tena: mama atakuitikia "ndiyo, nesi" kwa kila kitu, na ile mizizi iliyochemshwa jikoni, ambayo huenda ikagombana na dawa zako, hutaisikia kamwe. Kombe liulizie kwa heshima, na mizizi utatajiwa. Wangemwita mwalimu wa madrasa aje darasani kwenu hata kwa saa moja, ingefaa kuliko makabrasha mengi.

Na usimbane mama peke yake koridoni ukitaka jibu. Baba mzazi yupo, bibi yupo, na sisi mashangazi, wajua mwenyewe, tusiposhirikishwa hununa.

Wakubwa watakuomba usimwambie mtoto hali yake. Usibishane nao. Ila ujue kwamba Myra Bluebond-Langner, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikaa na watoto wenye saratani ya damu miaka ya 1970, akakuta wanajua hali yao ingawa hawakuambiwa, na wanawaficha wazazi kwamba wanajua. Wa Tanga nao wana masikio. Akikuuliza kama atapona, muulize kwanza kasikia nini, umwache aseme mpaka amalize. Halafu kaa na bibi kabla hujaaga.

Shangazi yako