Nani Anamwagilia Miche ya Kanisa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu Majira ya Uumbaji, kipindi ambacho makanisa mengi duniani hukiadhimisha kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mwaka 1989 Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli, kiongozi wa Kanisa la Kiorthodoksi, aliitenga tarehe 1 Septemba iwe siku ya kuombea uumbaji, na mwaka 2015 Papa Fransisko akaiingiza siku hiyo katika maisha ya Kanisa Katoliki. Sina ugomvi na maadhimisho yenyewe. Ninachokilalamikia ni kwamba katika sharika nyingi huduma ya kutunza mazingira huanza na kuishia humo, na wiki inayofuata baraza la wazee hurudi kwenye ajenda zake kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Tazama tunavyopanda miti. Mgeni rasmi hukaribishwa, miche huombewa, picha hupigwa, kisha kila mtu hunawa mikono akaondoka. Hakuna aliyepangiwa zamu ya kumwagilia, hakuna uzio wa kuzuia mifugo, na wakati mwingine mche hufukiwa ukiwa bado ndani ya kiriba chake. Kiangazi kikipita, kinachobaki ni kijiti kikavu na kibao chenye jina la mgeni. Mwaka unaofuata shimo lile lile hupandwa tena, pengine na mgeni mwenye cheo kikubwa zaidi.

Linganisha na Wakristo wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia. Kwenye nyanda za juu za kaskazini mwa nchi hiyo, ambako sehemu kubwa ya misitu ya asili ilikwisha kufyekwa ili kupata mashamba na malisho, makanisa ya kale yangali yamezungukwa na miti ya asili, kwa sababu eneo la kanisa huhesabiwa kuwa takatifu na waumini hulilinda mwaka mzima, kizazi baada ya kizazi. Baadhi ya jumuiya, zilipoona ng'ombe wanaingia na kula miche inayochipua yenyewe, zilikusanya mawe yaliyotapakaa mashambani zikajenga ukuta kuuzunguka msitu. Ukuta wa namna hiyo haupendezi sana katika picha, lakini ndani yake mche hupata nafasi ya kuwa mti.

Wapo wasemao kwamba dunia hii itapita, hivyo hakuna haja ya kuihangaikia. Wasome tena Mwanzo 2:15, ambapo mwanadamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza kabla dhambi haijaingia. Tena watu hao hao wakiugua hukimbilia hospitali, ingawa wanajua fika kwamba mwili utarudi mavumbini.

Hata hivyo miti peke yake haitoshi, na hapa ndipo wahubiri wetu huwa wapole mno. Kiwango cha hewa ya ukaa, gesi inayoipasha dunia joto, kimepanda angani kutoka takriban sehemu 280 kwa kila milioni, kabla ya zama za viwanda, hadi zaidi ya 420 sasa, na chanzo kikuu ni uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Waliochangia kidogo kabisa ndio wanaoumizwa zaidi na ukame na mafuriko. Kanisa linalohubiri haki haliwezi kulinyamazia jambo hilo kwa kuogopa kuambiwa kwamba linachanganya dini na siasa.

Lakini likitaka kusikilizwa, lianze na vitabu vyake vya hesabu. Mwaka 2020 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliazimia kwamba kanisa hilo lifikie sifuri halisi ya utoaji wa gesijoto, yaani lisitoe gesi hizo kuliko kiasi kinachoondolewa angani, ifikapo mwaka 2030. Lengo litimie au lisitimie, azimio la namna hiyo humlazimu mhazini kujua kila jengo linatumia nishati kiasi gani. Sharika zetu nazo zijiulize: jenereta inakunywa mafuta kiasi gani kwa mwezi, maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye paa kubwa la kanisa yanakwenda wapi, na viwanja vya kanisa vilivyo wazi vimeachiwa nani? Majibu yaingizwe kwenye bajeti, yawe na fungu la fedha na mtu wa kuwajibika, na taarifa yake isomwe katika mkutano mkuu wa mwaka pamoja na ile ya ujenzi.

Muumini na msomaji wako